Spika ya Chumba cha Ndani

Mtu akiniambia tena kwamba spika ndogo hazina besi, nitamwuliza kwanza zimewekwa wapi, kisha nitamwuliza ni nani aliyeziweka. Kwetu Timbwani aliyeziweka ni kaka yangu mkubwa, na ninaandika haya hasira zikiwa bado hazijanitoka, ingawa twala pamoja kila Jumapili na watoto wake hawabanduki kwangu. Yako makosa ya kuchekwa na yako ya kukasirikiwa. Hili la kwetu lilichekwa, tena na watu wasiostahili kucheka.

Spika zenyewe alizipata Port Reitz, anakoishi na kufanya kazi. Jirani yake alikuwa akihama, hakutaka kubeba vitu vingi, akamwachia amplifaya na spika mbili za mbao nyeusi, kila moja kimo chake kama mkate wa boflo uliosimamishwa. Kaka alivuka nazo feri zikiwa zimefungwa ndani ya shuka, akazitua mbele ya mama kwa mbwembwe zote. Akamwambia, "Haya mama, sasa utausikia mziki wako." Mama alifurahi sana. Siku hiyo hata mimi nilifurahi.

Mziki wa mama ni kanda moja tu. Katika ujana wake alikuwa akipiga gita la besi katika kikundi cha wanawake kilichokuwa kikitumbuiza kwenye harusi za kike huku Likoni. Alifundishwa na ndugu yake, yaani marehemu mjomba wetu, aliyekuwa akipigia bendi ya wanaume ng'ambo ya pili, kisiwani. Mjomba aliposafiri kwenda kutafuta kazi alimwachia gita, na mama akalipiga mpaka likawa lake. Usiku mmoja wa harusi, mtaa wa Shika Adabu, mwanamke mmoja aliweka rekoda juu ya mkeka na kuwarekodi. Gita lilikwisha kwa kutu na mchwa, kikundi kikavunjika, waimbaji wengine wakafa. Ikabaki kaseti ile, na miaka kadhaa iliyopita binti wa kaka akaihamishia kwenye flashi ya kuchomeka kwenye amplifaya.

Nyumba yetu ni ya kale, ina chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, cha wageni wa kiume, na chumba cha ndani ambamo hukaa mama na wanawake. Kaka hakujiuliza mara mbili. Spika moja aliiweka mbele na nyingine akaiweka ndani, ili, kwa maneno yake, kila upande upate haki yake. Haki. Ile ya mbele aliikalisha juu ya kibao kizito pembeni kabisa, kuta mbili zinapokutana. Ile ya ndani aliitundika kwa msumari karibu na dari, kwenye kiambaza cha mbao nyembamba. Waya wake ulikuwa mfupi, akauunga kwa kipande cha waya wa taa, akauzungushia tepu nyeusi. Mama naye, ambaye hawezi kuona kitu cha thamani kikikaa uchi, akaifunika spika kwa kitambaa chake cha kufuma. Kazi ikawa imekwisha.

Amplifaya ilikaa ndani, kwa mama. Siku za wiki alikuwa akisikiliza peke yake, kwa sababu kaka akiondoka Jumapili jioni huchomoa waya wa spika ya mbele, eti watoto wasije wakauchezea, na chumba kile hufungwa mpaka Jumapili nyingine. Nilipokuwa nikipita kutoka kwangu, nyumba ya pili, nilikuwa nikimkuta mama chini ya spika yake, kichwa kakiinua kama mtu anayesubiri kuitwa. Zilisikika sauti za waimbaji, kinanda, matari na vigelegele. Besi haikusikika. Sikuwahi kumsikia mama akilalamika. Niliwahi kumwuliza tu gita lake liko wapi, akanijibu, "Mimi simo, mwanangu. Rekoda ilikuwa mbali nami, haikunishika." Alisema kama asemavyo mtu kwamba mvua haikunyesha. Halafu akarudisha kanda mwanzo, akaanza kusikiliza tena wenzake.

Nilizoea. Hilo ndilo linaloniuma sasa, jinsi sote tulivyozoea.

Jumapili baada ya alasiri kaka huja na wageni wake, na mkubwa wao ni mkwewe, mzee wa heshima zake anayependa kahawa chungu na taarabu za zamani. Mimi huwa jikoni. Kahawa ikiwa tayari nagonga mlango wa kati, kaka anapokea sinia, mlango unarudishwa. Siku moja niligonga, hakuna aliyekuja, kumbe kaka katoka barabarani kupokea simu. Nikasukuma mlango, nikaingia na sinia yangu. Kanda ya mama ilikuwa ikipigwa. Na chini ya sauti zile zile nilizozijua kwa moyo, ilikuwapo besi. Ilitembea taratibu, nzito, yenye uhakika, ikimshika mwimbaji kila alipotaka kupotea. Nilisimama na sinia mkononi mpaka kahawa ikaanza kunimwagikia.

Nikamwuliza yule mzee kwa adabu, "Shikamoo baba. Ni nani huyu apigaye besi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani wewe humjui? Huyu ni marehemu mjomba wenu. Mkono kama ule haupatikani tena, wallahi."

Kaka aliingia wakati ule ule. Nikamtazama nikingoja asahihishe. Akatikisa kichwa kukubali, akaongeza kwamba mjomba alikuwa akisifiwa mpaka Tanga. Nikasema mbele ya wageni, na huenda sikupaswa, kwamba harusi ile ilikuwa ya kike na hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Kaka akacheka. Akaniambia siku zile wanaume walikuwa wakikaa nyuma ya pazia na kupiga, wanawake wakiimba mbele. Nikamwambia besi ile ni ya mama. Akanijibu kwa sauti ya upole, sauti ile ya kumtuliza mtoto, "Mama mwenyewe anasikiliza kanda hii kila siku. Umemsikia akisema yeye ndiye?"

Niliitua sinia mbele yao. Nilitoka. Kwa mara ya kwanza nililiona jambo lilivyo. Mle mbele walikuwa wakimsikia mama kila Jumapili na kumsifu mtu mwingine. Huku ndani mama alikuwa haisikii besi yake hata kidogo, kwa hivyo hakuwa na cha kudai. Kiambaza kimoja tu kiliwatenga.

Nilimweleza mama nilichosikia. Nilitarajia ainuke, akasirike pamoja nami. Aliviminya vidole vyake ambavyo siku hizi havikunjiki vizuri. Kisha akasema, "Huenda ikawa ni yeye. Labda walichanganya kanda. Watu wazima wote wale hawawezi kukosea."

"Mama, wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Lakini mambo ya zamani, mwanangu. Mtu huweza kujidanganya."

Hapo ndipo nilipoapa kwamba mama ataisikia besi yake. Mama yangu alikuwa karibu kujivua kitu pekee alichowahi kufanya kwa ajili ya nafsi yake, na alikuwa akikivua kwa heshima, kumpisha maiti. Kama ningeacha wiki chache tu zipite, angesema mwenyewe kwamba hakuwahi kupiga.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa redio karibu na kivuko. Nilimweleza kwamba nina spika ndogo, mbele inatoa besi na ndani haitoi. Hakunisikiliza hadi mwisho. Alisema spika ndogo ni ndogo, ninunue sabufa. Alikuwa nayo moja pale pale dukani, akaiwasha ili nijionee, ikanguruma mpaka misumari ikacheza ndani ya kopo. Jirani yangu anayo kama hiyo. Ikipigwa, huwezi kujua kama ni mziki au ni lori limekwama. Nilimshukuru fundi nikaondoka, nikisema moyoni kwamba mama hakupiga ngurumo, alipiga besi.

Nikaanza mwenyewe. Mimi ni mshonaji, sijui redio, lakini najua kutazama kitu mpaka kiniambie kinakovuta. Kwanza nilikiondoa kitambaa cha kufuma. Mama alinung'unika kidogo. Sauti ilichangamka, ila besi haikuja. Nikazungusha kitufe cha besi cha amplifaya hadi mwisho, spika ikakoroma na kiambaza kikaanza kutetemeka pamoja na vikombe vya kabatini. Nikarudisha kitufe mahali pake. Kisha nikajiuliza, ile ya mbele imekaaje? Imekaa pembeni, juu ya kitu kizito, imeegemea kuta za mawe. Hii yetu inaning'inia kwenye ubao mwembamba kama nguo iliyoanikwa. Nikaishusha. Nikaiweka chini pembeni mwa chumba, juu ya kinu cha zamani nilichokipindua, na katikati nikatandika kipande cha mkeka ili isicheze. Nilipowasha, kwa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili, niliisikia.

Mama alisogea. "Ni nini hiyo?"

"Ni wewe."

"Hapana. Hiyo ni feni ya jirani."

Ilikuwa hafifu kweli, sikuweza kumlaumu. Nikaona nguvu ya spika moja haitoshi, na nyingine ipo, imefungiwa chumba cha mbele wiki nzima ikisubiri wanaume. Nilimpigia kaka simu kuomba ruhusa. Akakataa. Akasema wageni watauliza, na tena nisichezee vitu nisivyovijua, nitaviharibu. Hilo neno la mwisho ndilo lililoniharibia adabu. Nilifungua chumba cha mbele, nikaibeba ile spika mikononi mwangu, nikaileta ndani na kuiweka kando ya mwenzake juu ya kinu. Nikachomeka waya. Sasa ziko mbili, pamoja, pembeni, juu ya kitu kizito. Nikamwita mama akae karibu. Nikawasha.

Besi ilitoweka. Hata ile hafifu ya feni ya jirani haikuwapo. Waimbaji walisikika wembamba, wametawanyika, kama wamesimama mlangoni na hawajui waingie au watoke. Niliongeza sauti, ikawa mbaya zaidi. Sijui kama mtu anaweza kunielewa nikisema nilitamani kuzitupa zote mbili barabarani. Spika mbili zilitoa besi ndogo kuliko moja! Ni akili gani hiyo?

Mama aliniwekea mkono begani. "Umeona? Simo. Mrudishie kakako spika yake."

Kwa hasira, wala si kwa ujuzi, niliunyakua waya wa ile spika yetu ya ndani nikauchomoa. Na pale pale, ile iliyobaki ikajaa, maana sauti bado nilikuwa nimeiacha juu. Besi ikaja, nzima, imekaa sakafuni na kutembea. Nikaurudisha waya, ikatoweka. Nikauchomoa, ikarudi. Mama aliinama kuelekea spika.

Nilikaa chini nikaufuata ule waya kwa vidole kutoka amplifaya hadi spika. Ulianza mwekundu na mweusi, kama inavyotakiwa. Ulipofika kwenye kiungo cha kaka, pale penye tepu nyeusi, ukageuka kuwa waya wa taa, nyaya zote mbili nyeupe, na ukafika mwisho bila mtu kujua upi ni upi. Kaka alikuwa ameuchomeka uliotoka mwekundu kwenye tundu nyeusi ya spika, na uliotoka mweusi kwenye nyekundu. Zilipokuwa vyumba tofauti haikudhuru, kila moja ilikuwa ikisema peke yake. Zilipokaa pamoja, moja ilikuwa ikisukuma na nyingine ikivuta, kama watu wawili wanaokung'uta mkeka, mmoja akiinua mwingine anashusha. Na kinachopotea kwanza katika ugomvi huo ni besi. Niligeuza nyaya nyuma ya spika yetu, nikazibana upya, nikawasha.

Siwezi kueleza vizuri kilichoingia chumbani. Ilikuwa ni sauti ya chini tu, ya spika mbili ndogo, wala haikutikisa kikombe hata kimoja. Lakini kila mtu katika kanda ile alipata mahali pa kusimama. Mama alinyooka mgongo. Mkono wake wa kushoto ulipanda ukashika hewa, usawa wa shingo ya gita, na vidole vile visivyokunjika vikaanza kubonyeza. Vilibonyeza kabla ya besi kulia. Vilijua inakokwenda.

Alisema, "Hapa nimekimbia." Na kweli besi iliharakisha kidogo. "Hapa mwimbaji kasahau, nikamngoja." Na besi ikarudia mapigo yale yale mpaka mwimbaji akaingia tena. Hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa akijisahihisha, kama mtu aliyeshika kazi yake mwenyewe akiangalia mshono.

Kisha, katikati ya wimbo wa tatu, mtoto mchanga alilia kwenye kanda. Kilio kile tulikizoea sote, kaka alikuwa akisema kinaharibu mziki. Lakini sasa nilisikia ambacho sikuwahi kusikia. Mtoto alipolia, besi ilisimama. Wimbo uliendelea na kinanda na matari, mtoto akalia, akalia, akanyamaza. Kitambo baadaye besi ikarudi, polepole, kama ya mkono mmoja, noti moja moja.

Mama alinitazama. "Huyo ni kakako. Alikuwa amelazwa nyuma yangu. Nikamchukua nikampa titi, nikalipiga gita kwa mkono wa kulia tu, nyuzi wazi bila kuzibonyeza, mpaka aliposinzia."

Kwa miaka yote ile kaka alikuwa akisikiliza mama yake akiacha kupiga ili amnyonyeshe yeye, na anawaambia wageni ni mjomba.

Jumapili ilipofika alikuja na mkwewe na wenzake, akakuta kibao kitupu. Aliingia ndani na uso wa mtu aliyeibiwa. Sikubishana naye. Nilimwambia akae. Nilianzia wimbo wa tatu. Besi ikaja, kilio kikaja, besi ikasimama. Mama akamweleza kwa maneno yale yale aliyonieleza mimi, bila kuongeza chumvi. Kaka aliyafahamu, nina hakika, kwa sababu alijipangusa macho kwa pindo la kanzu.

Kisha akasema, "Sawa, mama. Nimekubali. Ila wazee wale mbele wameshajua ni mjomba. Haina haja kuwachanganya sasa. Sisi wenyewe tunajua, yatosha."

Yatosha. Nilimwuliza yatosha kwa nani. Nikamwambia yeye anaona haya, haya ya kuwaambia wanaume wenzake kwamba mkono wanaousifia ni wa mwanamke aliyekuwa akinyonyesha, na mtoto mwenyewe ni yeye. Alisema tu nipunguze sauti, wageni wanasikia.

Mama alikuwa ameshainuka. Alijitanda leso vizuri, akaufungua mlango wa kati, akaingia chumba cha mbele, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya wakiwamo wageni wa kiume. Nilimfuata, na kaka akanifuata mimi. Wazee walisimama wote.

"Masalkheri," mama alisema.

"Masalkheri, bibi," mkwe wa kaka akajibu. "Leo hakuna mziki?"

"Upo ndani. Besi ile mnayoisifu ni yangu mimi. Ndugu yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha, lakini usiku ule hakuwapo."

Mzee alimtazama kaka. Kaka akainamisha kichwa, na hiyo ikawa ndiyo shahada yake. Mzee akamgeukia mama, hana kejeli, ana mshangao wa kweli.

"Sasa bibi, miaka yote hii watuacha tumsifu mtu mwengine, na wewe u hapo nyuma ya mlango. Mbona hukutwambia?"

"Sikujua," mama akasema, "kwamba nyinyi mwanisikia."